Mashine Zako Ziko Hewani Lakini Hazionani? Kabla Uite Fundi, Pitia Hizi Hatua

Kuna ngori moja inasumbua wasee wengi kejani na hakuna mtu huiongelea. Uko na laptopu mbili, ama laptopu moja na ile mashine ya mezani ya mzee. Zote ziko kwa waifai. Zote zinacheza YouTube fiti kabisa. Lakini ukifungua pale "Network" uone kama zinaonana, unapata peupe. Kila mashine inajiona yenyewe tu, ka mtu amejifungia na kioo.

Unajaribu kuzima na kuwasha. Bado. Unaita fundi. Fundi anaangalia dakika mbili, anakuna kichwa, halafu anatoa hukumu: "Hapa ni kufomati tu."

Buda, hapo ndio unafaa kushika hiyo mashine na mikono miwili. Karibu kila mara, mashine kukosa kuonana si ugonjwa. Ni seti imekaa vibaya mahali, na kuirekebisha haikuli hata bob. Kufomati nako kunafuta vitu zako, halafu Windows mpya inakuja na seti zile zile na shida inarudi pale pale. Umelipa doo, umepoteza picha, na bado mashine hazisalimiani.

Hii stori tutaichapa hatua kwa hatua. Usiruke, juu kila hatua inakuonyesha inayofuata.

Ya nini kuunganisha mashine na fleshi ziko?

Chukulia keja iko Hewani. Si hewani ya redio. Hewani kile kijiji, huko Garsen, kaunti ya Tana River, kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya. Jina lenyewe limekaa ka waifai, lakini watu wa huko shida yao kubwa si hewa, ni maji. El Niño ya 1997-98, mafuriko ya 2018, tena yale ya mwisho wa 2023: Tana ikifura haipigi hodi.

Sasa kwa hiyo keja kuna mashine ya mezani. Ndani yake kuna picha za harusi, skani za karatasi za shamba, vyeti vya watoto, na mahesabu ya chama ya miaka saba. Tuseme GB 30 kwa jumla. Kijana amerudi kutoka campo na laptopu. Maji yakianza kupanda, mashine ya mezani na kioo chake haibebeki haraka. Laptopu inaingia kwa begi, begi linaingia mgongoni, na mmeenda. Kwa hivyo vitu zote za maana zinafaa kuwa kwa laptopu kabla mvua ianze, na ziendelee kunakiliwa kila wiki.

Unaweza kutumia Google Drive? Hesabu kwanza. Unapakia GB 30, halafu unapakua GB 30. Hiyo ni GB 60 za data kutoa faili kwa meza kuzipeleka kwa kiti. Zinaenda kwa seva za mbali huko duniani, zinazunguka, zinarudi kwa chumba kile kile. Kwa msee wa bando, huo ni msiba.

Fleshi ni sawa kwa kazi ya mara moja. Lakini kwa kazi ya kila wiki, fleshi zinapotea, zinabeba vairasi za saiba, na mtu huchoka. Watu wakichoka, nakala hazifanywi. Ile siku maji yanakuja, nakala ya mwisho ni ya Machi mwaka jana.

Mashine zikiunganishwa na rauta, faili zinapita kati yao moja kwa moja. Data inayotumika: sufuri. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo ishike: waifai si intaneti. Waifai ni ile njia ya hapo ndani kwa nyumba. Intaneti ni barabara inayotoka nje. Bando likiisha, barabara ya nje imefungwa, lakini njia ya ndani iko wazi kama kawa.

Kuonana ni kitu kimoja, kufikiana ni kingine

Hii ndio siri ambayo ingekuokolea ile jioni yote ya kulia na skrini. Ile orodha ya mashine unayoona kwa "Network" ni ka daftari la majina tu. Mashine inaweza kosa kwa daftari na bado iko mlangoni inangoja. Jirani si lazima awe kwa kontaki zako ndio uende kwake. Ukijua nyumba, unabisha.

Mbona hilo daftari husumbua sana siku hizi? Kuna historia hapo. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kinaitwa WannaCry kilitokea na kufunga faili za watu, kikidai fidia. Ndani ya siku chache kilikuwa kimeingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, hadi hospitali za Uingereza zikakwama. Mlango kilioutumia ulikuwa lugha ya zamani ya kushare faili, inaitwa SMB1. Windows 10 iliyotoka Oktoba 2017 ikaacha kuiweka hiyo SMB1. Shida ni kwamba lile daftari la zamani la majina lilikuwa linaitegemea hiyo hiyo SMB1. Ikitoka, daftari nalo likafa, na Windows ikahamia njia nyingine ya kutafutana ambayo ina maringo kiasi.

Mwaka uliofuata, 2018, Windows ikatoa pia HomeGroup, ile kitu ya paswadi moja ya familia nzima. Kwa hivyo video yoyote inakuambia "fungua HomeGroup" ni ya enzi za kina babu. Ipite.

Na video inayokuambia uwashe SMB1? Hiyo kimbia kabisa. Inakuambia ufungue tena ule mlango WannaCry ilipitia ndio uone jina kwa orodha. Tunafika bila hiyo.

Hatua ya 1: Ziko kwa kijiji kimoja kweli?

Usiseme "zote ziko kwa waifai" halafu uendelee. Waifai gani?

Noma ya kawaida sana mtaani ni hii: laptopu moja iko kwa hotspoti ya simu yako, ingine iko kwa hotspoti ya simu ya brathe. Zote ziko na intaneti, lakini kila hotspoti ni kijiji chake na ukuta wake. Hata simu zote mbili zikiwa Safaricom, hazitaonana kamwe.

Ya pili: rauta mbili kwa nyumba moja. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kuna watu walichomeka rauta yao ya zamani nyuma yake ndio waifai ifike hadi chumba cha nyuma. Sasa nyumba iko na waifai mbili zenye majina tofauti. Ni ka vijiji viwili, kimoja kila ng'ambo ya mto. Mnaonana kwa macho, lakini bila mtumbwi hakuna kuvuka.

Ya tatu: waifai ya wageni, ile inaitwa "Guest". Imetengenezwa makusudi mgeni apate intaneti lakini asione vitu za ndani.

Ujue aje? Kwa kila mashine, bonyeza kitufe cha Windows, andika *cmd*, ifungue, halafu andika *ipconfig* na ugonge Enter. Tafuta mstari umeandikwa "IPv4 Address". Hiyo ndio anwani ya mashine. Isome hivi:

- Moja inasema 192.168.1.14 na ingine 192.168.1.22. Poa. Nambari tatu za kwanza zimefanana, kijiji ni kimoja, nyumba ni tofauti.
- Moja inasema 192.168.1.14 na ingine 192.168.100.5. Vijiji viwili. Hamisha moja.
- Moja inaanza na 172.20.10. Hiyo iko kwa hotspoti ya iPhone ya mtu.
- Moja inaanza na 169.254. Hiyo iliomba rauta anwani na haikujibiwa, ikajitungia yake. Itoe kwa waifai, uirudishe. Ikigoma, zima rauta na uiwashe.

Na kama kuna VPN inakimbia kwa mashine yoyote, izime kwanza. VPN nyingi hubeba mashine zikaitoa kijijini bila kukuambia.

Andika hizo anwani mbili kwa karatasi. Tutazitumia hadi mwisho. Kwa mfano wetu, mashine ya mezani ni 192.168.1.14.

Hatua ya 2: Mashine imeambiwa iko nyumbani?

Hapa ndio kesi nyingi huishia. Kila ukiingia kwa waifai mpya, Windows huichukulia kuwa mahali pa watu wengi, ka waifai ya mkahawa ama stendi ya basi. Inaita hiyo "Public". Mashine ikiwa "Public" inajificha: haijibu salamu, haitoi jina, haishare kitu. Iko sawa kabisa, juu hutaki msee wa meza ya pili Malindi akichungulia folda zako.

Lakini hapo ni kwenu. Iambie.

Kwa Windows 11: ingia "Settings", "Network & internet", halafu "Wi-Fi" ama "Ethernet" ka unatumia kebo, fungua "Properties" za hiyo waifai, chagua "Private network". Kwa Windows 10: "Settings", "Network & Internet", "Status", "Properties", "Private".

Halafu ukiwa bado huko, washa vitu viwili: "Network discovery" na "File and printer sharing". Windows 11 imeziweka chini ya "Advanced network settings", "Advanced sharing settings". Windows 10 ziko Control Panel, "Network and Sharing Center", "Change advanced sharing settings".

Fanya hivyo kwa mashine zote mbili. Watu hurekebisha moja halafu wanashangaa. Salamu inataka watu wawili.

Na ukirudi campo ama ukienda mkahawani, waifai za huko ziache "Public". Windows hukumbuka kila waifai kivyake, kwa hivyo kuweka "Private" nyumbani haikuvui nguo ukiwa nje.

Hatua ya 3: Bisha, usikie jibu gani

Kwa laptopu, rudi kwa ile *cmd*, andika *ping 192.168.1.14*, gonga Enter. Hiyo ni kubisha mlango wa mashine ya mezani. Majibu ni matatu, na kila moja ina maana yake:

"Reply from 192.168.1.14". Amejibu. Njia iko safi. Ruka hadi hatua ya 5.

"Request timed out". Kimya. Mara nyingi hii inamaanisha njia iko lakini askari wa mlangoni amekataa kujibu. Huyo askari ni fayawoli. Rudi hatua ya 2 uhakikishe hiyo mashine ya pili ni "Private" kweli. Ka uko na antivairasi ya kununua ama ya bure mbali na ile ya Windows, hizo hukuja na fayawoli zao. Ingia ndani yake utafute mahali pa kuiambia hiyo netwaki ni ya nyumbani. Ka hupapati, isimamishe dakika tano tu ujaribu tena, halafu uirudishe. Ukijua ni yeye, umepata mshukiwa.

"Destination host unreachable". Hii ni tofauti kabisa. Mashine yako imeita jina barabarani na hakuna mtu amesema "mimi huyo". Ka una uhakika anwani ni sahihi na mashine imewaka, haijalala, basi mshukiwa ni rauta. Twende hatua ya 4.

Hatua ya 4: Rauta inawatenganisha?

Rauta nyingi, hasa za laini ya simu na zile za kubeba mfukoni, ziko na seti ya kutenganisha wateja. Kila mmoja anapata intaneti lakini hakuna kuongea na mwenzake. Kwa hosteli na hoteli hiyo ni lazima. Kwa nyumba yenu ni fitina.

Fungua brauza, andika anwani ya rauta. Utaipata kwa ile *ipconfig*, mstari wa "Default Gateway". Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, ama 192.168.8.1 kwa zile ndogo za Huawei. Paswadi ya kuingia huandikwa kwa stika chini ya rauta. Ingia sehemu ya "WLAN" ama "Wireless" utafute neno "isolation": "AP isolation", "Client isolation", majina hubadilika. Izime, hifadhi, ujaribu *ping* tena.

Ka hakuna rauta na mnategemea simu, fanya hivi: simu moja tu ya Android iwashe hotspoti, mashine zote mbili ziingie hiyo moja, halafu zima data ya simu. Ndio, izime. Simu nyingi zitaendelea kushika hotspoti bila data, na faili zitapita kati ya mashine. Faida ya pili: Windows haitashtuka katikati na kuanza kupakua apdeti ikule bando lako lote. Kuna simu zinakataa wateja wake waongee. Ukipata "unreachable" hapo pia, jaribu simu ingine.

Hatua ya 5: Sasa ingia, achana na ile orodha

*Ping* imejibu? Usirudi kuangalia "Network" bado. Kwanza, kwa mashine ya mezani, chagua folda unayotaka kushare. Ibonyeze kulia, "Properties", "Sharing", "Share", chagua nani anaruhusiwa, maliza. Share folda moja, usishare diski nzima ya C. Hakuna mtu hufungua nyumba yote juu mgeni ameomba maji.

Sasa nenda kwa laptopu, fungua File Explorer, na pale juu kwa mstari wa anwani uandike:

*\\192.168.1.14*

Gonga Enter. Alama mbili za mwanzo ni zile za kulalia nyuma, si zile za tovuti.

Ikifunguka, buda, umemaliza. Ibonyeze hiyo folda kulia, chagua "Map network drive", upewe herufi ka Z. Kuanzia leo iko kwa laptopu yako ka diski ingine. Lile daftari liwe na jina, lisiwe na jina, si stori yako tena. Kitu kimoja tu: rauta inaweza kubadilisha anwani siku moja. Ikibadilika, angalia *ipconfig* tena, ama ingia kwa rauta uipe mashine ya mezani anwani ya kudumu.

Ka bado unataka majina yaonekane kwa orodha, andika *services* kwa utafutaji wa Windows, uifungue, utafute "Function Discovery Resource Publication" na "Function Discovery Provider Host". Ziweke "Automatic", uziwashe. Hizo mbili ndio zinapiga mbiu ya kijiji. Zikilala, hakuna jina linatangazwa.

Hatua ya 6: Imekuuliza paswadi na inakukataa

Hapa mashine zimefikiana, sasa ni utambulisho. Wapokomo wa kando ya Tana wana Gasa, baraza lao la wazee. Ukienda mbele ya wazee hauanzi na shida yako, unaanza na wewe ni nani na umetoka kwa nani. Windows iko hivyo hivyo.

Mambo matatu hukwamisha watu:

PIN si paswadi. Zile nambari nne unazotumia kufungua mashine zinafanya kazi hapo kwa hiyo mashine tu. Kwa netwaki inatakiwa paswadi kamili ya akaunti. Wengi hawaikumbuki juu waliiweka mara moja siku ya kwanza.

Akaunti bila paswadi haiingii. Na hii ndio mashine za wazazi wengi.

"Baba, paswadi ya hii mashine ni gani?"

"Paswadi ya nini? Nani ataiba hapa?"

Mzee ako na pointi, lakini Windows haikubali akaunti tupu kuingia kupitia netwaki. Kwa skrini, sawa. Kwa netwaki, la.

Paswadi ni ya mashine unayoenda, si ya unayotoka. Ukiwa kwa laptopu ukiingia kwa mashine ya mezani, weka jina na paswadi ya mashine ya mezani.

Dawa ya zote tatu ni moja. Kwa mashine ya mezani, tengeneza akaunti mpya ya hapo ndani, isiyo ya barua pepe. Iite *nyumbani*. Ipe paswadi nzuri. Rudi kwa ile folda, iruhusu akaunti ya *nyumbani*. Kisha kwa laptopu, ukiulizwa, andika jina la mashine, alama ya kulalia nyuma, halafu *nyumbani*, na paswadi yake. Baba anaendelea kuingia vile amezoea, hasumbuliwi na mtu.

Kuna wale watakuambia uzime "Password protected sharing" ndio kila mtu aingie bure. Kwa Windows 11 ya 24H2 toleo la Pro, mashine yenyewe inakataa kuingia mahali ka mgeni asiye na jina, kwa hivyo hiyo shortikati imekufa. Na hata ingekuwa hai, kila msee anajua paswadi ya waifai yenu angekuwa anasoma mahesabu ya chama.

Hatua ya 7: Ka mashine ni za mtumba

Mashine nyingi mtaani ni za mtumba, na hapo kuna mtego. Muuzaji akiwa na mashine hamsini, haweki Windows moja moja. Anatengeneza moja, halafu anainakili kwa zote. Ukinunua mbili kwake, unaweza kuwa na mapacha.

Pacha wa kwanza ni wa jina. Mashine mbili zikiitwa jina moja, netwaki inachanganyikiwa ni nani ameitwa. Ingia "Settings", "System", "About", "Rename this PC". Moja iite MEZANI, ingine KIJANA. Zima na uwashe.

Pacha wa pili amejificha zaidi. Kila Windows ina nambari ya siri ya utambulisho, inaitwa SID, na kunakili ovyo hunakili nayo. Zamani hakuna aliyejali. Lakini tangu apdeti za mwisho wa Agosti na Septemba 2025, Windows 11 za karibuni zilianza kukataa mashine zenye SID moja kuingiliana. Unaweka paswadi sahihi kabisa, inasema si sahihi. Kujua, andika kwa *cmd* ya kila mashine: *whoami /user*. Itatoa nambari ndefu inaanza na S-1-5-21. Linganisha mashine mbili. Ka hizo nambari ndefu za katikati zimefanana hadi mwisho isipokuwa kile kipande cha mwisho kabisa, umepata mapacha.

Na hiyo, pekee yake kwa hii orodha yote, ndio kesi ambayo kuweka Windows upya kwa mashine moja ni haki. Lakini baada ya kutoa faili zako kwanza na fleshi ama diski ya nje, na wewe mwenyewe ukiziona zimefunguka upande wa pili. Si kabla.

Na ka moja ni ya Windows 7, jua Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Bado inaweza kuongea na mpya bila SMB1, juu inajua SMB2. Ile ya XP haijui. Hiyo usiiunganishe, tumia fleshi, uistaafishe kwa heshima.

Inachukua muda gani?

Kwa zile GB 30 zetu: waifai dhaifu ya MB 5 kwa sekunde itachukua karibu saa moja na dakika arobaini. Ukichomeka mashine zote mbili kwa rauta na kebo za kawaida, zile za rauta ya megabiti 100, ni kama dakika 45. Rauta na mashine za gigabiti, na diski nzima, ni chini ya dakika kumi. Kwa hivyo mara ya kwanza tumia kebo. Baadaye kila wiki vitu vipya ni vichache, waifai inatosha.

Kwa kifupi, screenshot hii

1. *ipconfig* kwa zote mbili. Nambari tatu za kwanza zifanane.
2. Zote ziwe "Private", na kushare kuwashwe.
3. *ping*. Kimya ni fayawoli, "unreachable" ni rauta.
4. Zima "isolation" kwa rauta.
5. Ingia na *\\anwani*, usingoje jina kwa orodha.
6. Akaunti ya *nyumbani* yenye paswadi, si PIN.
7. Mashine za mtumba: badilisha majina, linganisha SID.

Fundi akifika na neno lake la kufomati, muulize swali moja tu: "*Ping* inasema aje?" Akikujibu, huyo anajua kazi, mpe kiti. Akikutolea macho, mpe chai, mwambie asante, na uendelee na hatua ya 3.

Halafu ukimaliza, usiende kulala bila kunakili zile karatasi za shamba. Mvua haiangaliangi kalenda yako.